Wazee Wetu Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

(Maneno ya Halmashauri yaliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumeagizwa tuseme machache juu ya kazi ya Chama kwa wazee wa mitaa yetu katika miaka ya korona, na juu ya mambo yapasayo kuwa tayari kabla maradhi mengine hayajabisha hodi. Hesabu za fedha ziko katika kurasa za Mweka Hazina, naye amezieleza vema kuliko tuwezavyo sisi. Sisi twataka kusema habari za watu. Na kwa kuwa wengi wa watu hao wameketi hapa mbele yetu, katika safu ya kwanza, twaomba radhi mapema: tutayataja na yale tuliyoyakosea, nao ndio mashahidi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Tarehe 25 mwezi huo huo ndege za abiria kutoka nchi za nje zikasimamishwa. Tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Na tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Yote hayo yalitokea katika muda usiotimia mwezi mmoja.

Mtu akaaye mjini huenda aliziona hizo kuwa amri za Serikali tu. Kwetu huku nyuma ya Kilifi, kutoka Ganze hadi Bamba, kila amri iliingia jikoni kwa mzee kwa mlango wake. Ndege zilipokoma, hoteli za Watamu, Malindi na Mtwapa zilikosa wageni, na vijana waliokuwa wapishi, watunza bustani na watandika vitanda wakarudishwa makwao. Kijana aliyekuwa akimtumia mama yake fedha kila mwisho wa mwezi sasa alikuja mwenyewe, mikono mitupu, aketi akingoja uji katika chungu kile kile. Shule zilipofungwa, wajukuu waliokuwa wakila shuleni mchana nao wakarudi kwa bibi. Minada ya mifugo ilipofungwa mahali pengi, mzee mwenye mbuzi wawili watatu hakuwa na pa kuwauza. Na barabara zilipofungwa, mtoto aliye Mombasa hakuweza kuja Kaloleni, sembuse Bamba.

Palikuwa na neno moja lililoenea upesi kuliko maradhi yenyewe, nalo ni kwamba korona ni ugonjwa wa wazee. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Waliokwenda umri, na hasa wenye shinikizo la damu au kisukari, walikuwa katika hatari kubwa kuliko wengine. Na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, waliotimiza miaka 60 au zaidi walikuwa kama milioni 2.7 kati ya watu milioni 47.6, yaani kundi dogo katika nchi ya vijana. Lakini vijana wetu walitoa humo mambo mawili yasiyokuwamo. La kwanza, kwamba wao hawataguswa. La pili, ambalo hawakulisema wazi bali lilionekana katika mwendo wao, kwamba mzee akienda amekwenda kwa wakati wake. Mwaka 1918, mwezi wa Septemba, mafua makubwa yaliingia nchi hii kwa bandari ya Mombasa, na mahali pengi duniani yaliwaua zaidi watu wenye nguvu zao, vijana na watu wa makamo. Hatujasikia kwamba wazee wa zamani zile walikaa barazani wakisema, hayo ni maradhi ya vijana, hayatuhusu.

Basi na tuje kwenye kazi yenyewe. Tulianza vibaya. Halmashauri ilikutana chini ya mwembe, kila mtu mbali na mwenziwe, tukaazimu kwamba wazee wakae ndani, na vitu wapelekewe. Tukanunua unga, sabuni, na vidumu vya mafuta vilivyokwisha, tukavitoboa shimo moja ubavuni na kulizibia kijiti, ili mtu anawe kwa maji kidogo. Vijana wakavibeba, wakaviweka langoni, wakapiga kelele kidogo, wakaondoka. Tulijiona tumefanya wema mkubwa, na kwa kweli hofu yetu ya kuwaambukiza ilikuwa ya haki.

Wiki ya tatu mama mmoja mzee aliurudisha unga. Alimpa mjukuu wake fuko zima, likiwa bado limefungwa, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: aliyeleta arudi anisalimu kwanza. Baadhi yetu tulikasirika. Tukasema, watu wana njaa, na huyu arudisha chakula? Lakini yule aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri katika Halmashauri alitutazama akauliza ni lini mtu amewahi kufika kwa mama yule asiitwe aketi. Hapo tukanyamaza. Tulikuwa tumemfanya mama wa watu kama nyumba ya ukoma. Tangu siku hiyo kila aliyepeleka kitu alikaa, nje, penye upepo, hatua nyingi kati yao, barakoa usoni, akasikiliza habari za kuku na za magoti mpaka zikaisha. Kazi iliyokuwa ikichukua asubuhi moja ikawa ya siku mbili. Hatuoni kwamba muda ule ulipotea.

Na katika kuketi huko ndipo tulipojua mambo ambayo hakuna karatasi ingetuambia. Tulijua kwamba mzee asiyesikia vizuri husoma midomo, na kwamba barakoa ilimfanya kiziwi kabisa; ikatubidi tusimame mbali zaidi na kuiteremsha tuongeapo, au tumwandikie ajuaye kusoma. Tulijua kwamba nyumba fulani maji yalitekwa na mtoto wa jirani, na mtoto yule alikuwa amekatazwa na wazazi wake asiingie tena. Tulijua pia, kwa kuelezwa na muuguzi, kwamba mzee aweza kuwa mgonjwa sana bila mwili kuwaka homa: huanza kwa kuchanganyikiwa, au kukataa chakula, au kuanguka asipokuwa na desturi ya kuanguka. Haya huonwa na mtu amjuaye mzee jinsi alivyokuwa jana. Aachaye fuko langoni hawezi kuyaona.

Sasa tutasema jambo ambalo ni zito kwetu. Katika miezi hiyo tulimzika mzee mmoja ambaye hakuugua korona. Alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na dawa zake zililetwa na mwanawe kutoka Mombasa. Barabara ilipofungwa, dawa zikaisha. Zahanati haikuwa mbali sana, lakini mzee alikuwa amesikia kwamba aendaye huko hupelekwa karantini asirudi, akaona bora akae. Hakumwambia mtu. Asubuhi moja akakutwa upande mmoja wa mwili umekufa, na siku ya nne akafariki. Sisi tulikuwa tumemtembelea mara mbili kabla ya hapo, katika zile wiki za kwanza, tukimpelekea sabuni. Mara zote mbili hatukuuliza habari ya dawa.

Jamaa zake wametusamehe, na mwanawe yuko katika mkutano huu. Lakini Halmashauri iliona haiwezi kuliacha jambo hili lipite kama mvua. Tukanunua madaftari ya shule, moja kwa kila mtaa, na kuyapiga mistari kwa rula. Jina la mzee, dawa anywayo, ikiwa anapenda tuandike, tarehe itakayokwisha, na jina la mtu mmoja atakayekwenda kuichukua kabla ya tarehe hiyo. Mtu mmoja, tukasema, wala si jamaa wote, wala si vijana wa mtaa, kwa kuwa kazi ya wote tumeiona mara nyingi inavyolala chini. Tuliomba pia katika zahanati kwamba wale ambao hali yao ni tulivu wapewe dawa za muda mrefu zaidi kwa safari moja. Mahali pamoja tulikubaliwa. Mahali pengine tuliambiwa tusifundishe watu kazi yao, tukarudi tena wiki iliyofuata, tukaambiwa vile vile, na mara ya tatu tukakubaliwa.

Kuhusu mwarobaini na kujifukiza mvuke, tulibishana sana. Wazee wetu waliyaamini, na baadhi ya vijana wenye simu wakawacheka. Tuliona kucheka hakufai. Tulimwomba muuguzi aseme nao kwa adabu, naye akawaambia kwamba mvuke hauui virusi, na maji yanayochemka yamewaunguza watu. Lakini kwamba lililo baya zaidi ni mtu kuacha vidonge vyake vya sukari kwa sababu amekunywa majani. Wengi walielewana naye katika hilo la mwisho, na kila mtu akabaki na mti wake uani.

Fedha nazo zilikuwa na mambo yake. Msaada wa Serikali kwa wazee, ulioanza katika mwaka wa 2006 kwa watu wachache, na tangu 2018 ukafunguliwa kwa wote waliofika miaka 70, ulikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi katika miaka hiyo, na ulipitia benki. Mara nyingi malipo ya miezi kadhaa yalikuja kwa pamoja, na siku ilipokuja habari, wazee waliamka kabla ya jua. Siku hizo palikuwa na kafyu, na mtu wa Bamba hawezi kuanza safari saa kumi na moja akawa wa kwanza. Kisha palikuwa na ile mashine ya kusoma vidole. Vidole vilivyoshika jembe kwa miaka hamsini havina tena mistari ya kusomwa. Mama alibonyeza mara nne, tano, kidole hiki na hiki, huku foleni nyuma yake ikisogeleana na kunung’unika, korona au si korona. Tulichoweza kufanya kilikuwa kidogo: viti, maji ya kunawa, wazee kuitwa kwa mitaa ili wasije wote kwa saa moja, na kuwahimiza wasiojiweza waandikishe mlezi wa kuwapokelea kama taratibu zinavyoruhusu.

Benki Kuu nayo, tarehe 16 Machi 2020, ilitangaza kuondolewa kwa ada za kutumiana fedha kwa simu zisizozidi shilingi 1,000, na hilo liliwafaa wengi mpaka mwisho wa mwaka. Lakini mzee asiyesoma humpa mjukuu simu na namba ya siri pia, na si wajukuu wote wana mikono misafi. Wala si wanakamati wote. Tulipata aibu moja katika jambo hilo, ikamalizwa katika baraza hili, na hatuna haja ya kuifufua ila kusema kanuni iliyotokana nayo: yule ambaye jina lake limeandikwa kuchukua dawa za mzee asiwe ndiye mshika simu yake.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, mkiwauliza wazee walioketi hapa ni jambo gani lililowauma zaidi, hawatataja fedha. Watataja ibada na mazishi. Nyumba za ibada zilipofunguliwa tena Julai 2020, kwa watu wasiozidi mia moja na kwa muda wa saa moja tu, waliopita miaka 58 waliombwa wabaki majumbani. Sababu yake twaielewa. Hata hivyo, mzee aliyebeba mawe ya msingi kichwani aliketi kwake akisikia wajukuu wakiimba humo ndani. Na matanga yetu, ambayo desturi yake ni siku nyingi na watu wengi, yakawa ya saa chache na watu wa kuhesabiwa. Nani atasema ukoo wa marehemu? Nani atajua nani amdai nani, na mjane akae kwa nani? Mambo hayo hayako katika kitabu chochote, yamo katika vichwa ambavyo tulivikataza kufika.

Katika msiba mmoja tulijaribu jambo. Mzee wa ukoo alirekodiwa kwa simu nyumbani kwake jioni iliyotangulia, akasema aliyopaswa kusema, na kesho yake sauti ikachezwa kaburini. Aliposikia baadaye kwamba watu walikuwa wameinamisha vichwa kama aliyekuwapo, alicheka sana, akasema basi na siku yake akifa waicheze tena aagane nao mwenyewe. Tangu hapo jambo hilo lilifanywa mara nyingi. Si sawa na mtu kufika, lakini lilimrudishia mzee kiti chake.

Twaomba mtuvumilie katika hili lifuatalo, kwa maana si tamu. Yajulikana nchi nzima kwamba katika Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na kwamba huko Ganze, Kaya Godoma, wamehifadhiwa wazee waliokimbia makwao wakiokoa roho zao. Mara nyingi aliyeshitaki ni jamaa, na nyuma ya shitaka pana shamba. Maradhi yasiyojulikana ni kuni kavu kwa moto huo. Kijana mwenye nguvu akifa kwa siku tano, kifua kikiwa kimebana, na babu mwenye mvi yuko hai katika nyumba ya pili, pana midomo itakayoanza kuuliza imekuwaje. Tulisikia maneno hayo yakianza katika mtaa mmoja wetu. Tulikwenda siku ile ile, pamoja na Naibu wa Chifu na muuguzi, na kwa idhini ya wafiwa muuguzi akaeleza mbele ya wote kilichomwua marehemu. Hakutumia maneno makubwa. Alieleza mapafu, na jinsi mtu akosavyo pumzi. Kisha wanachama wawili walilala kwa yule mzee usiku ule na siku saba zilizofuata, chini ya dari moja, madirisha wazi, kwa kuwa tuliona hatari ya panga ni kubwa kuliko hatari ya kikohozi. Huenda watu wa afya wangetulaumu. Mzee yu hai.

Chanjo zilifika nchini tarehe 3 Machi 2021, zaidi kidogo ya dozi milioni moja, na kabla ya mwezi kwisha waliotimiza miaka 58 walikaribishwa kuchanjwa. Uvumi ulikuwa mwingi. Barua za Halmashauri hazikumshawishi mtu. Walioshawishi ni wazee wachache waliochanjwa mapema, wakakaa barazani wakiuma ndizi na kuonyesha mkono. Dozi ya pili ilichelewa kwa sababu chanjo zilipungua, na kuchelewa huko kuliwarudisha nyuma baadhi yao. Wengine walikataa kabisa. Tuliamua, na si bila ubishi, kwamba aliyekataa chanjo hakatiwi maji wala dawa zake. Yule ni mzee wetu hata akikosea.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Wengi walifunga madaftari yao siku hizo. Lakini kipindupindu kilikuwa kimeingia nchini tangu Oktoba 2022, wakati ambapo mvua zilikuwa zimekosekana kwa misimu mingi mfululizo na visima vyetu ni tope. Na tarehe 31 Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa ndui ya nyani katika nchi hii alitangazwa, aliyegunduliwa mpakani Taveta. Kila maradhi yana njia yake, na mengine hayachagui umri kama korona. Mzee asiye na mtu wa kumtekea maji safi yuko hatarini katika yote.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta maombi mawili, na si zaidi. La kwanza ni kwamba wazee wawili, mmoja wao mwanamke, wakae katika Halmashauri wenye kura zao, kwa sababu mwaka 2020 tulikutana kuwaamulia watu waliokuwa na akili zao timamu, na Katiba ya nchi katika kifungu cha 57 yasema wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Tungalikuwa na mama yule wa unga kati yetu, tusingalipoteza wiki tatu. La pili ni kwamba madaftari yafunguliwe tena sasa, wakati wa afya, na yasomwe kila robo ya mwaka mbele ya mtaa wenyewe, majina tu na tarehe, bila kutaja ugonjwa wa mtu.

Madaftari yenyewe yako pale mezani kwa Karani. Tumeyapitia jana usiku kwa taa. Katika daftari la mtaa wa bondeni pana jina la mama mmoja ambaye msaidizi wake alihamia Mariakani mwaka jana, na mahali pake hapajaandikwa mtu. Vidonge vyake vitakwisha Ijumaa. Mama ameketi hapa, safu ya kwanza, karibu na mlango. Twaomba, Bwana Mwenyekiti, kabla chai haijaletwa, mtu wa mtaa wa bondeni asimame aandikwe.